Bi Mashavu na Karamu ya Mavuno

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitika kama watu wanaoumwa meno. Nasema paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Zamani, zamani sana, kabla sijachoshwa na nyinyi, palikuwa na kijiji chenye dini tatu. Waislamu huku, Wakristo kule, watu wa matambiko katikati. Mwaka mmoja, siku ya karamu ya mavuno, Mkristo mmoja, Mzee Simeoni, alichinja mbuzi bila kumuuliza mtu. Waislamu wakarudi makwao na njaa. Mwaka mzima watu hawakusalimiana.

Kijijini humo aliishi bibi mmoja, Bi Mashavu, aliyewafundisha vijana wa miaka kumi na mitatu dini zote tatu. Jumbe akamwita.

"Bi Mashavu, karamu ya mwaka huu wataiandaa wanafunzi wako. Mtu mmoja akirudi na njaa, darasa nalifunga."

Bi Mashavu akaenda kwenye banda la mahindi walikosomea. Akapiga fimbo chini. Ko! Ko! Ko!

"Kwa nini Mkristo anakwenda kanisani Jumapili?"

"Nguo zake zimekauka, Bibi."

Ko! "Kwa nini Muislamu anafunga Ramadhani?"

"Chakula kimeadimika, Bibi."

Ko! "Na mwenye tambiko, kwa nini anamwaga pombe chini?"

"Imechacha, Bibi."

Bi Mashavu akashika kichwa. Kesho yake akauliza, wakajibu vilevile. Siku ya tatu akauliza, vilevile. Ko, ko, ko, mpaka fimbo ikapasuka. Bibi wa watu alichoka, jamani. Alichoka mpaka akalia. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile, nayo ilikuwa inamponyoka.

Siku ya karamu ikafika. Bi Mashavu akajikalia nyuma ya jiko, hataki kuona. Mara akamsikia mwanafunzi wake Tausi.

"Mzee Simeoni, weka kisu chini. Achinje Mzee Athumani, la sivyo hatakula."

Akamsikia Mbaruku. "Mzee Simeoni na mkewe hawali nyama leo, ni Ijumaa ya Kwaresima. Wapikieni maharage."

Akasikia mwingine. "Babu Shekigenda msimpe sahani kwanza. Mpeni kibuyu cha pombe awakumbuke wazee wake, ndipo ale."

Watu wakala. Nyam, nyam, nyam. Mzee Athumani na Mzee Simeoni wakakaa mkeka mmoja, wakaulizana habari za watoto. Hakuna aliyerudi na njaa.

Bi Mashavu akatoka nyuma ya jiko, amefura.

"Nyie watoto, kumbe mlikuwa mnajua?"

"Tulijua, Bibi."

"Sasa mbona mwezi mzima mnanijibu upuuzi?"

Wakatazamana. Tausi akasema, "Bibi, ulituuliza habari za Muislamu. Huyo hatumjui. Ungetuuliza habari za Mzee Athumani, tungekwambia."

Hasira ikampanda Bi Mashavu tena, safari hii juu yake mwenyewe. Miaka yote ile aliwafundisha dini zisizo na watu ndani yake.

Basi wanangu, ukitaka kuijua dini ya mtu, anza na mtu mwenyewe. Jua anakula nini, na nini asichokula, kisha umuulize kwa nini.

Hadithi yangu naitua hapa. Na wewe unayepiga miayo hapo nyuma, hebu niambie, huyo uliyekaa naye tangu jioni anaitwa nani?