Mundu Usio na Meno

Mtu mmoja aitwaye Ngwega alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na mtoto mmoja wa kiume, Lihame. Kila mpunga ulipoiva, wezi walivuka mto wakavuna wasichopanda. Bondeni hapakuwa na upanga wala mkuki. Palikuwa na mundu tu, ule mfupi wenye meno madogo kama ya samaki, unaoyashika mabua yasiteleze na kuyakata bila kuyatikisa.

Basi wazee wakaamua mundu uwe silaha, wakafungua chuo. Kila aliyeingia alikuja na mundu wa kwao, na pale mlangoni meno yakaondolewa kwa tupa mpaka makali yakawa laini, maana meno hukwama mfupani. Ngwega alitoa mundu wa marehemu mkewe, mmoja tu aliokuwa nao. Akatoa na mwana.

Chuoni mundu ukazaa staili. Miundu pacha, mmoja kila mkono. Mundu wa mpini mrefu, wa kumwangusha mtu aliye juu ya punda. Mundu wa mnyororo, unaozungushwa hewani ukavuma kama nyuki. Kila staili na masta wake, kila masta na mkanda wake, na mgeni rasmi wa kupigiwa demo. Wahunzi nao wakaacha kuchonga meno, nani angenunua? Wezi waliposikia ule mvumo hawakuvuka tena. Vita vikaisha. Chuo hakikuisha. Thubutu! Masta angekula wapi?

Lihame akahitimu, namba wani wa mnyororo. Makofi, picha, haya kwaheri. Akarudi kwao akakuta mpunga umeiva, bonde zima limekuwa rangi ya simba. Harufu yake ikamrudisha utotoni, nyuma ya mama yake, akifunga miganda. Miaka yote ya chuo, chini ya zile kelele, alikuwa anatamani hilo tu: aushike mpunga ngumi moja, aukate, aulaze chini. Akamwomba baba yake ngwe moja.

Akapewa. Akatupa mkono kama alivyofundishwa. Mundu ukateleza, mabua yakang'oka, punje zikamwagika matopeni. Akajaribu polepole, mkono haukujua polepole. Nusu ya ngwe ikawa chakula cha ndege. Ngwega akamshika kiwiko.

"Basi, mwanangu, basi. Unaupiga kama mnagombana. Mpunga huu haujamkosea mtu."

Mpunga haungoji. Ngwega akaita vibarua kutoka ng'ambo ya mto, wakaja na miundu yenye meno, maana kule hakuna aliyewahi kuitia tupa. Ndio walewale. Wezi wa jana leo wanaitwa wataalamu, wanapikiwa ubwabwa na kuku.

Lihame akazunguka mashamba ya watu kuomba kazi. Kila alikobisha aliulizwa eksipiriensi: umevuna wapi kabla? Kwani angejifunzia kuvuna hewani? Sasa anakaa juu ya tuta la shamba la baba yake, anaitazama miganda ikifungwa na mikono isiyo ya kwao, na vidole vyake vinajikunja vyenyewe, kana kwamba vimeshika kitu. Ngwega akipita huangalia pembeni. Wenye mashamba wakipita hucheka: vijana wa siku hizi, wavivu, hawapendi kilimo. Hawapendi? Mtu asiyependa hakai juani kutwa nzima akinusa mpunga unaovunwa na wengine.

Haya, ninyi mnaocheka, nijibuni: kijana mliyemfundisha kukata shingo, akitamani kukata mpunga na kila shamba likamkataa, mnadhani siku moja atakata nini?