Tepe za Mheshimiwa Tembo

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokata tiketi na kugombania viti vya dirishani, treni ya abiria iliacha kwenda Mwangoye. Iliachaje? Iliacha tu. Ikabaki imelala bandani huko Mjini, inafutwa vumbi kila asubuhi, haiendi kokote.

Mwangoye ndiko reli inakoishia, na huko aliishi Bi Nyamizi, pimbi mwenye mwili mdogo na mdomo mkubwa. Binti yake aliolewa Mjini, na alikuwa amejifungua. Sasa, kwa desturi ya pimbi, mtoto hapewi jina mpaka bibi mzaa mama ampakate. Kitoto kikaanza kuota meno huku kinaitwa "Wewe". Bi Nyamizi angekwendaje, na gari hana, na treni haiji?

Waziri wa reli alikuwa Mheshimiwa Tembo. Kila mwaka alikuja Mwangoye kwa gari, akaweka jiwe la msingi la kurudisha treni, akala pilau, akaondoka. Mawe yakajaa kituoni mpaka Kobe, mkuu wa kituo, akawa anajikwaa akienda kufungua ofisi isiyo na kazi.

Mwaka huo Tembo alipokwisha kuweka jiwe, Bi Nyamizi akamsogelea.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Jiwe limekaa vizuri. Pole tu na zile tepe."

"Tepe zipi, mama?"

"Kumbe hukuambiwa? Kila kituo toka Mjini mpaka hapa wanafunga utepe juu ya reli, wamngoje mgeni rasmi aje na mkasi."

Masikio ya Tembo yakasimama, pwaa. "Nitazikata nikirudi na gari."

"Gari litapitaje kwenye madaraja ya reli, baba? Hizo zinafikiwa kwa treni. Lakini usijisumbue. Naibu wako Kiboko ameshanunua mkasi."

"Kiboko huyu huyu?"

"Mkasi wenyewe kama mlango."

Tembo akajitupa garini, gari likalala upande, vuuum, huyo Mjini.

Bi Nyamizi akapanda mwambani, akapiga ukelele. Pimbi wa mwamba wa pili akaupokea, akampa wa tatu, maana ndivyo pimbi wanavyopashana habari. Kabla gari halijafika Mjini, pimbi wa kila kituo walikuwa wamechana mabango ya zamani yenye sura ya Tembo, wakayafunga relini.

Kesho yake, puuuu! Chaka-chaka, chaka-chaka. Tembo kachomoza dirishani, mkasi mkongani. Kacha! Hotuba. Yeye akihutubia, wananchi wanapanda na magunia na magodoro yao. Kituo kinachofuata, kacha, hotuba, magodoro. Mpaka Mwangoye.

"Uzinduzi umekamilika," Tembo akatangaza. "Treni ifungiwe hapa. Mimi narudi kwa gari."

"Vyema, Mheshimiwa," akasema Bi Nyamizi, kikapu mkononi. "Basi zile za kurudi atazikata Kiboko."

"Za kurudi?"

"Za kuzindua safari ya kurudi. Wanafunga sasa hivi. Kiboko yuko kituo cha jirani, kavaa suti."

"Dereva," Tembo akanguruma, "geuza kichwa cha treni."

Alipoingia ndani, Bi Nyamizi alikuwa keshakaa dirishani. Kobe akamnong'oneza kutoka nje:

"Na tepe zikiisha, bibie?"

"Mabango yake hayo? Yatatufikisha mpaka kwa vitukuu."

Huko Mjini akampakata mjukuu, akamwita Kalunde, na kitoto kikamng'ata kidole kwa furaha. Stesheni nako Tembo na Kiboko wanasukumana matumbo, kila mmoja anadai treni ya kesho ni yake kuizindua. Wakaizindua kesho, na kesho kutwa, na hawajaacha mpaka leo, na abiria wanapanda.

Basi wanangu, mkubwa mpenda sifa akigoma kukufanyia kazi, zitandaze sifa zake juu ya kazi hiyo, naye ataifanya mbio.