Baiti Hamsini na Sita

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni Machi iliyopita, palikuwa na ofisi ya maji yenye watu watatu na kiburi cha watu mia. Jina lake silitaji. Mnaoijua mnaijua.

Orodha ya walioajiriwa ilikuwa na nakala mbili, ya zamani na mpya. Odera akaandika skripti, maagizo ya kompyuta: pima mafaili mawili, kubwa libaki, dogo lifutwe. Nafula akaikagua. Mutinda, bosi wao, akabonyeza Enter.

Faili la zamani, baiti 987, kwa kipimo cha ukubwa wa mafaili. Jipya, baiti 1043. Zile hamsini na sita zilizoongezeka ni jina, kitambulisho na simu ya Mghoi, dada mwenye digrii ya kemia, miaka minne anatarmac akitafuta kazi.

Skripti ikafuta jipya! Odera aliweka alama inayopima namba kama maneno ya kamusi, kuanzia tarakimu ya kwanza: tisa inakuja baada ya moja, kwa hiyo 987 ni kubwa kuliko 1043. Mtoto wa nursery angewacheka. Orodha ya zamani ikaenda makao makuu, nafasi zikafungwa.

Jumatatu Mghoi, aliyekuwa amepigiwa simu aripoti kazini, akafika na viatu vya kuazima. Orodhani hayumo. Alipoelezwa kisa cha mafaili, akauliza:

"Yaani mimi ni baiti hamsini na sita, na bado mmeshindwa kunihesabu?"

Mkurugenzi, aliyeitwa kutoka makao makuu, akawageukia wale watatu. "Nafasi mpya hakuna. Mmoja wenu ainuke, dada huyu akae."

Odera akaruka: "Madam, sikujua! Niliijaribu kwa 300 na 700, ikafanya kazi. Ndiyo maana nikaomba ikaguliwe."

Nafula akasema: "Mimi hiyo kasoro niliiona, sikatai. Orodha zetu hazijawahi kufika baiti elfu, so why bother? Lakini sikuandika, sikubonyeza. Kunyamaza kumefuta faili gani?"

Mutinda akasema: "Hizo code mimi sisomi. Watu wawili wenye digrii wameniambia iko sawa, ningebisha na nani?"

Mghoi akamuuliza: "Na kabla ya kufuta, boss, uliweka nakala pembeni?"

"Odera aliniambia niweke. Nilikuwa na meeting. My dear, nina watoto watatu shuleni."

"Hata mimi ningekuwa nao, kama ningekuwa na kazi."

Makalio yote matatu yameganda vitini.

Nyinyi mnaosikiliza, msinitikisie vichwa, pole zenu sizitaki. Mmoja aliandika asichokijua. Mmoja alijua, akanyamaza. Mmoja alifuta bila kuweka nakala. Mghoi bado amesimama mlangoni, viatu vinambana.

Je, nani ainuke?