Nafasi Moja Kwenye Ubao

Mwenye wivu asogee mbele, nimwone uso. Hadithi hii ni yake.

Huko juu kwenye baridi, karibu na msitu wa mianzi, kuna bwawa linalopandikizwa vifaranga vya samaki aitwaye trauti kila mwaka. Kwenye banda la mashua pana ubao wa wavuvi hodari. Ukivua samaki wa kushangaza, jina lako huchongwa kwanza, ndipo samaki aliwe. Jina la mwisho ni la marehemu Gakuru, baba wa watoto watatu, na chini yake imebaki nafasi moja tu. Aliusia kwamba mtoto atakayeijaza ndiye arithi ufito wake wa kuvulia.

Kiragu, kifungua mimba, alikuwa na macho. Mwaka mzima alilichungulia bwawa na kuandika daftarini. Masika samaki hukaa kijito kinapoingilia, Januari huzama penye kina, na Julai, ukungu ukitanda, huja juu kula nzi.

Wangeci alikuwa na vidole. Alinyofoa manyoya ya jogoo wa mama yao, akayafunga kwenye ndoana hadi akapata nzi wa bandia wa kuwa chambo, sawa hasa na nzi wa Julai. Jogoo akabaki shingo wazi, maskini.

Mathenge, kitinda mimba, alikuwa na mkono. Akirusha mshipi, nzi hutua majini kimya kabisa.

Basi Julai Kiragu akaonyesha, Wangeci akafunga, Mathenge akarusha. Lo! Samaki urefu wa mkono wa mtu mzima.

Wivu nao ukaingia bila hodi. Mathenge alidai mvuvi ni mshika ufito. Wangeci akamkumbusha miaka miwili aliyorusha nzi wa dukani akaambulia mafua. Kiragu akauliza wangerusha wapi bila yeye. Ikafika mahali Wangeci akamchoma nzi wake motoni, Kiragu akalichana daftari, Mathenge akauficha ufito msituni. Heri wakose wote.

Mama yao, Nyaguthii, ndiye wa kuchonga. Siku ya tatu, samaki angali kwenye chumvi, alikaa mbele ya ubao na kisu mkononi.

“Nzi wa baba yenu nilimfunga mimi,” alisema. “Jina langu mmeliona wapi hapa?”

Akakiweka kisu chini, akaenda zake.

Haya, kiokote wewe. Nafasi ni moja. Je, ungechonga jina la nani?