Ndugu wa Pimbi Walivyoimaliza Pombe ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona walioshiba hawaitiki? Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa na jabali, na juu ya jabali wakakaa pimbi: bibi, shangazi, na binamu wasiohesabika. Chini ya jabali akakaa Fisi na mtungi wake wa pombe. Kazi ya Fisi ilikuwa moja: kuwaita vijana, kuwanywesha, na wakishalala, kuwala.

Siku hiyo kijana mmoja wa pimbi alishuka kumtafuta rafiki yake Digidigi. Akamkuta kalala chali, koroo, koroo! Na Fisi ananoa kisu. Pimbi akaogopa sana. Akikimbia yeye, rafiki yake ni kitoweo.

"Karibu, mpwa wangu!" Fisi akacheka. "Kunywa kidogo. Kijana gani asiyekunywa?"

Pombe ilinukia, nisiwadanganye. Pimbi mate yalimjaa kinywani. Akatazama juu, jabalini kwao.

"Ahsante, mjomba. Lakini kwetu mgeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja."

"Hilo tu?" Gudu, gudu, gudu!

"Hiyo yako. Sasa onja ya bibi yangu kwa niaba yake, bila yeye sinywi."

Gudu, gudu, gudu!

"Sasa ya shangazi, yule mkali."

Gudu, gudu, gudu! Fisi mnamjua, cha bure hakikatai, hata kikiwa chake mwenyewe.

Pimbi akamtaja binamu, akamtaja shemeji, akamtaja mtoto wa binamu wa shemeji. Na ajabu, kila alipomtaja mmoja hamu ilimpungua, akawaona kama wamekaa naye pale pale.

"Una... una ndugu wangapi, wewe?" Fisi akauliza, jicho moja huku, jingine kule.

"Tumefika nusu, mjomba."

Fisi akainua mtungi. Gudu, gudu... puu! Chini, miguu juu.

Pimbi akamwuma Digidigi sikio. "Amka, we kitoweo!" Wakatoka mbio, Digidigi akipepesuka na kuuomba radhi kila mti aliougonga.

Juu ya jabali bibi alikuwa amekaa njiani anamngoja mjukuu wake. "Hebu toa pumzi." Akanusa. Akanusa tena. "Kwani kwa Fisi hukupewa?"

"Nilipewa, bibi. Mkainywa nyote."

Hadithi imefika kwao, nami nakwenda kwetu. Na funzo, vijana, ni hili: ukitaka kulewa, kwanza wakimbie ndugu zako. Wale hawabakizi hata tone.