Kisu cha Mkate wa Nyama

Ta! Mlio mmoja tu, usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, na nyumba nzima ya Mama Leokadia ikafumbua macho. Hakuna aliyeuliza ni nini. Tanuri la udongo lilikuwa limepasuka.

Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo. Nina kisu kimoja na watu watatu, na kisu hakigawanyiki.

Wa kwanza ni Tarsila, kifungua mimba. Kipawa chake ni ulimi. Mpe kijiko cha mchuzi, atakwambia kitunguu kiliingia kabla ya nyanya au baada yake, na kama mpishi alikuwa na haraka.

Wa pili ni Eusebi, mwoka mikate. Kipawa chake ni moto. Hana saa ya mkononi wala ya ukutani. Anatia kiganja kwenye mdomo wa tanuri, anatulia kidogo, anajua.

Wa tatu ni Goreti, mshonaji. Kipawa chake ni mikono. Kitambaa kilichowashinda mafundi watatu, kwake kinalala kama mtoto aliyeshiba.

Kuna na wa nne, aliyezaliwa baada ya Goreti. Huyo simtaji, kwa sababu katika nyumba ile hatajwi.

Mama yao, Leokadia, alipika miaka thelathini kwenye jiko la masista wa Kitaliano, huko nyanda za juu za Iringa ambako asubuhi mtu huongea akitoa moshi mdomoni. Ndiko alikojifunza mkate wa nyama, ule ambao masista waliuita polpetone. Nyama ya ng'ombe inasagwa, inachanganywa na mkate mkavu uliolowekwa kwenye maziwa, inatandazwa juu ya kitambaa chenye maji. Juu yake mchicha, juu ya mchicha jibini, na katikati mayai ya kuchemsha, yamepangwa mstari. Kisha unaviringisha, unatia tanurini.

Masista walikuwa na saa kubwa ukutani. Mama Leokadia nyumbani kwake hakuwa nayo, akatafuta kipimo chake: rozari nzima kwa kila jina la nyumba. Baba, yeye mwenyewe, na watoto wanne. Majina sita, mayai sita, rozari sita. Ya sita ikiisha, mkate unatoka, na yeye anakata huku akiita majina. Unaitwa, unanyoosha sahani. Wakwe na wajukuu wana sufuria lao la wali uani. Mkate ni wa wale sita wa mwanzo.

Miaka tisa iliyopita baba alifariki. Mwili ulikaa ndani siku mbili ukimsubiri yule wa nne, aliyekuwa mjini, mwendo wa nusu siku kwa basi. Hakuja. Eusebi alichimba kaburi, na watu walipotupa udongo, yeye alitupa mara mbili, kwa mkono wake na kwa mkono usiokuwepo. Baada ya arobaini, yule mtoto akatokea mlangoni. Mama hakumpisha.

"Uliyekuja kumwona tumeshamzika. Rudi ulikotoka. Na jina lako lisisikike tena humu."

Tangu hapo, Pasaka ikifika, jina la baba liliitwa na kipande chake kikapewa mgeni. Jina la yule halikuitwa. Na tangu hapo mkate nao ukagoma. Kila mwaka, kisu kikigusa tu, unabomoka, mchicha huku, mayai kule. Mama alimlaumu muuza nyama, kisha ng'ombe, kisha kuni. Familia ilikula makombo hayo, ikashukuru, ikanawa mikono.

Mwaka huu mkono wa mama umeanza kutetemeka. Jumapili ya Matawi aliwaita watoto wake.

"Mwaka huu mtapika ninyi. Mkate ukisimama chini ya kisu, kisu nitampa aliyeusimamisha, na kuanzia mwakani yeye ndiye atakayeita majina. Ukibomoka, kisu nitakizika mwenyewe, na karamu hii imekwisha."

Waliondoka. Kila mmoja alielewa. Anayeshika kisu ndiye anayejua nani ana kiti mezani. Jina asiloliita linafungiwa nje moja kwa moja.

Sasa sikilizeni alichofanya Tarsila.

Asubuhi ya Jumatatu alimkuta mama jikoni.

"Mama, nina neno. Nisipigwe kofi lakini."

"Una miaka arobaini na nane, Tarsila. Nikupige kofi uanguke nikuuguze?"

"Mkate wako unabomoka kwa sababu hauivi. Moyo wake ni mbichi. Miaka yote tisa."

Mama aliweka mwiko chini taratibu.

"Nimewapikia masista miaka thelathini. Hakuna hata mmoja aliyeugua tumbo."

"Si wakati huo, mama. Tangu baba aondoke. Kila mwaka nimeonja ubichi, nikameza, nikasema asante."

"Kwa nini hukusema?"

"Tungesema nini katika nyumba hii, mama? Vinavyosemwa humu vinahesabika."

Tarsila akavuta bakuli, akatia kungumanga na kitunguu saumu, akakaanga kidonge kidogo cha nyama, akaonja. Akaongeza chumvi, akakaanga kingine, akaonja. Cha nne alikitafuna macho yamefumbwa, akasema, "Hii ndiyo." Alikuwa ametia ladha. Na zaidi ya ladha, alikuwa ametaja ugonjwa ambao waganga wote wa nyumba walikuwa wakiukwepa.

Sasa sikilizeni alichofanya Goreti.

Alitandaza kitambaa, akapapasa nyama mpaka ikawa sawasawa pande zote. Mchicha, jibini. Mama akamsogezea mayai, matano. Goreti akayapanga mstari, akaviringisha. Upande mmoja ukajaa vizuri. Upande wa pili ukanywea, kama mkono wa shati usio na mtu ndani.

"Pana shimo hapa, mama."

"Sukuma nyama."

"Nikisukuma, itachanika upande ule."

"Basi fupisha mkate."

"Nikifupisha, hautajaza chombo cha kuokea, utalala ubavu." Goreti alikunjua kitambaa chote, mikono yake ikiwa imetapakaa mafuta. "Nimekuangalia miaka tisa ukisukuma. Hapa ndipo unapopasukia."

Akanawa, akatoka, akaokota yai kwenye kikapu, akalichemsha mwenyewe. Aliporudi nalo likiwa limemenywa, mama alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Hilo ni la nani?"

Tarsila aliacha kufuta bakuli.

"La mkate, mama," alisema Goreti. "Sijawahi kumshonea mteja shati la mkono mmoja, sitaanza leo."

Mama akasogea, upana wa mtu mmoja tu. Goreti akapita, akaweka yai la sita, akaviringisha. Mkate ukawa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa sikilizeni alichofanya Eusebi.

Alfajiri alikuwa amekwishaziba ufa wa tanuri kwa udongo, majivu na nyasi zilizokatwakatwa. Aliwasha moto mdogo, wa kubembeleza, mpaka kiraka kikakauka bila kudondoka. Mkate ukaingia. Wote wakakaa mkekani mbele ya tanuri, mama akatoa rozari.

Ya kwanza, ya baba. Ya pili, ya mama. Ya tatu, ya Tarsila. Ya nne, ya Eusebi. Ya tano, ya Goreti. Jua likawa limepanda juu ya paa, na harufu ya nyama ikawatoa wajukuu uani mmoja mmoja.

"Toa," alisema mama.

Eusebi alitia kiganja kwenye mdomo wa tanuri.

"Bado."

"Majina yamekwisha, Eusebi. Toa."

"Bado, mama."

"Utauunguza! Mwaka huu, wa mwisho, ndio unataka kuuunguza?"

Tarsila akamgeukia kaka yake. "Wewe ndiye uliyelinda tanuri hili miaka yote. Mkono wako huo ulikuwa unakwambia nini?"

Eusebi aliufumba mkono wake.

"Ulikuwa unaniambia bado."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Na kila mwaka nilitoa. Mama alisema toa, nami nilifurahi kutoa. Kumngoja yule tulishamngoja siku mbili, na mwili ndani. Niliona sina dakika nyingine ya kumpa."

Eusebi akapiga magoti kwenye vumbi, akachukua rozari kutoka mapajani mwa mama yake. Kwa desturi yao, anayeongoza hutaja kwanza anamwombea nani. Eusebi hakutaja. Alianza tu, "Salamu Maria," na mara ya kwanza hakuna aliyeitikia. Mara ya pili Goreti akaitikia. Mara ya tatu Tarsila. Mama midomo yake ilibaki imefungwa mpaka mwisho, lakini hakuinuka mkekani.

Mkate ukatoka.

Uliwekwa mezani, ukaachwa upoe kama masista walivyofundisha. Mama akashika kisu kwa mikono miwili. Kikaingia. Kipande cha kwanza kikalala polepole kwenye sahani, kizima, na katikati yake yai, jeupe nje, la manjano ndani. Cha pili. Cha tatu. Mpaka cha sita. Hakuna kilichobomoka.

Hapo ndipo zogo lilipoanza.

"Kisu ni changu," alisema Tarsila. "Ningenyamaza leo, mngekuwa mnazoa mchicha mezani. Aliyethubutu kusema ni nani?"

"Kusema kumeviringisha nini, dada?" alisema Goreti. "Ungeusemesha mkate mpaka jioni, shimo lingekuwa palepale. Na yai lile nililipitisha mbele ya macho ya mama."

"Mkate wenu ungekuwa mtamu na mnene, na mbichi," alisema Eusebi. "Bila moto wangu mngekula nini?"

"Wewe nyamaza!" Dada zake walisema pamoja, na Goreti akaendelea, "Unataka zawadi ya kuzima nyumba uliyoichoma mwenyewe? Miaka tisa unatulisha ubichi ukijua!"

"Ndiyo, nilijua. Ninyi hamkuwa na cha kusamehe kama changu. Hamkushika jembe."

"Tulilia, Eusebi. Unafikiri machozi ni mepesi?"

Mama alipiga meza kwa kiganja. Kisu alikilaza katikati, mpini haumwelekei yeyote. Vipande vitano vilikuwa na wenyewe. Cha sita kilikuwa peke yake kwenye sahani, hakijaguswa.

"Nilisema nitampa aliyeusimamisha. Nimeona watatu. Nami nina kisu kimoja, na mwakani sauti moja tu ndiyo itakayoita." Alimgeukia mwanawe. "Lakini kabla sijaamua, Eusebi. Rozari ile ya sita. Ulimwombea nani?"

Eusebi alitazama sahani ile. Tarsila alifungua mdomo kumsaidia, Goreti akamshika mkono, akamzuia.

"Sema," alisema mama. "Uliomba bila jina. Mungu amesikia, mimi sijasikia."

Eusebi aliigusa sahani ile kwa kidole.

"Benigno," alisema. "Mdogo wangu Benigno."

Nami naishia hapo, kisu kikiwa bado mezani. Mmoja alithubutu kusema kilichofichwa. Mmoja alijaza pengo mbele ya macho ya aliyekataza lijazwe. Mmoja alitoa muda alioubania miaka tisa. Angekosekana mmoja wao, mkate ungebomoka. Je, wewe uliyenisikiliza, ungekuwa Mama Leokadia, ungeamua vipi? Kisu ungempa nani?