Matanga ya Maua ya Bi Sihaba

Zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na nyua za kufagia, aliishi digidigi mjane, Bi Sihaba. Mumewe alimwachia kijumba na safu ya maua ya buluu iliyozunguka uwanja wote.

Maua yale yalikuwa sugu. Kiangazi mabua yalikauka, mvua zikija yakachipua kwenye mizizi ileile. Ila yalitaka kazi. Kila mwaka mumewe alikata mabua makavu, akang'oa mashina yaliyosongamana, akayagawa, akayapanda upya kwa nafasi, na samadi chini yake. Tangu afe, hakuna aliyeyagusa. Bi Sihaba alijaribu, lakini udongo ulikuwa mgumu kama kigae na kwato zake ni ndogo.

Kisha mvua zikakosa misimu miwili. Safu nzima ikakauka.

Ndipo alipokuja nyati, Mzee Kwembe, mkuu wa ardhi, pamoja na rafiki yake Ngwasuma, kifaru. Du, du, du, mpaka vyungu vikatikisika jikoni. Mzee Kwembe alisema uwanja usio na mmea hai ni wake, ndiyo sheria, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Akampa Bi Sihaba siku tatu ahame.

Bi Sihaba hakulia. Alifunga kikapu chake, akakifungua, akakifunga tena. Hakuwa na pa kwenda. Siku ya pili alikwenda kukaa kwenye maua, akachimbua kishina kimoja kwa taabu. Kilikuwa kimekunjamana kama uso wa kizee. Akakibonyeza kwa ukwato. Kikatoa unyevu kidogo sana, hata hakujua kama ni unyevu au ni jasho lake.

Siku ya tatu wakubwa waliporudi, walimkuta mlangoni akiwa amejitanda kaniki ya msiba.

"Chukua uwanja, Mzee Kwembe," alisema. "Lakini haya maua yalikuwa watoto wetu, na hayajazikwa. Kwetu, anayerithi ndiye anayezika. Asipozika, mkosi unamfuata nyumbani kwake."

Mzee Kwembe alimtazama Ngwasuma. Ngwasuma akarudi nyuma hatua moja. Wakubwa wale hawakuogopa simba, ila mkosi waliuogopa.

"Yanazikwaje?" aliuliza Mzee Kwembe.

Bi Sihaba akaeleza, sauti ikimkatika, na wala hakuwa anaigiza. Mabua yakatwe, maana ndiyo nywele za marehemu. Mashina yang'olewe na kutenganishwa, kila mmoja apate kaburi lake. Chini iwekwe samadi, ndiyo mkeka. Na kila jioni makaburi yamwagiwe maji mpaka arobaini iishe.

Ngwasuma akachimba kwa pembe, kwacha, kwacha. Mzee Kwembe akabeba samadi mgongoni, na kila jioni akaleta maji kutoka mtoni, chwaa, kaburi baada ya kaburi. Bi Sihaba alikaa kizingitini akitazama udongo. Siku kumi zikapita, hakuna kitu. Siku ishirini, hakuna kitu. Siku ya thelathini alikifunga kikapu chake, safari hii bila kukifungua.

Asubuhi ya arobaini Mzee Kwembe alikuja kuchukua chake. Ngwasuma ndiye aliyeinama kwanza.

"Mzee," alisema polepole, "makaburi yameota."

Vichipukizi vya kijani vilizunguka uwanja wote, mara mbili ya safu ya zamani.

"Umetudanganya," alisema Mzee Kwembe.

"Nimekudanganya, baba," alijibu Bi Sihaba. "Na uwanja una mmea hai."

Wakaondoka bila kuaga. Bi Sihaba akapiga magoti kando ya vichipukizi, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu yule ambaye angemwita aje aone hakuwapo.

Basi wanangu, mwenye tamaa ya kitu asichokijua anaweza kumtumikia mwenye nacho kwa jasho lake mwenyewe.